Meli Iliyopita Morogoro

Morogoro haina bahari. Ukisimama kwenye stesheni ya zamani ya reli ya kati na kutazama kusini, unaona Milima ya Uluguru na mawingu yaliyoikalia. Dar es Salaam iko umbali wa karibu kilomita 200 upande wa mashariki. Hata hivyo, mwaka 1914 meli ilipita hapa. Ilipita ikiwa vipande vipande ndani ya masanduku yapatayo 5,000, juu ya mabehewa ya mizigo, ikielekea Kigoma.

Iliitwa Graf von Goetzen. Iliundwa mwaka 1913 katika kiwanda cha Meyer, mjini Papenburg, Ujerumani, kisha ikafunguliwa na kufungashwa kwa safari ya Afrika. Reli ilikuwa imefika Morogoro mwaka 1907, na ikafika Kigoma Februari 1914. Mafundi waliiunganisha upya ufukweni, na tarehe 5 Februari 1915 ikashushwa majini katika Ziwa Tanganyika. Ndiyo hiyo hiyo tunayoiita leo MV Liemba.

Kiwanda cha Meyer bado kipo, na sasa kinajulikana duniani kwa kuunda meli kubwa za kitalii, majumba yanayoelea yenye kumbi za chakula za kulisha maelfu ya watu. Abiria wa meli za namna hiyo hawaishi kubishana juu ya jambo moja: je, usiku wa mlo rasmi ni lazima mtu avae suti na tai ndipo aruhusiwe kuketi ukumbini? Kila nikiusikia ubishi huo nayakumbuka masanduku yale, maana swali hilo nalo lilipita Morogoro.

Tuanze na desturi yenyewe. Kwenye meli za abiria za Ulaya zilizofika pwani yetu, watu wa daraja la kwanza walibadili nguo kabla ya mlo wa jioni. Wanaume walivaa koti jeusi na tai ya kipepeo, wanawake gauni refu. Usiku wa kwanza na wa mwisho walisamehewa, kwa kuwa masanduku ya nguo ama hayajafunguliwa au yamekwisha kufungwa. Kualikwa kwenye meza ya nahodha ilikuwa heshima ya kuandikia barua nyumbani. Madaraja ya chini yalikula kwingine. Nguo ilifanya kazi ya mlinzi wa mlango: ilimtambulisha mwenye haki ya kuingia kabla hajafungua kinywa.

Kampuni ya Wajerumani iliyohudumia njia hii, Deutsche Ost-Afrika Linie, ilianzishwa Hamburg mwaka 1890. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa na meli zenye majina kama Usaramo, Ussukuma, Wangoni na Njassa. Hebu fikiri, msomaji: jina la nchi ya Wazaramo liliandikwa ubavuni mwa meli, likasafiri hadi Hamburg na kurudi, wakati Mzaramo mwenyewe yuko bandarini na gunia mgongoni. Majina yetu yalipata nafasi melini. Wenye majina hawakuwekewa kiti.

Morogoro nayo ilikuwa na meza ya namna hiyo, ila ya nchi kavu. Wakati wa Wajerumani palikuwa na Bahnhof Hotel, yaani hoteli ya stesheni. Tarehe 26 Agosti 1916 majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Smuts yaliingia mjini, Wajerumani wakiwa wamekwisha kuondoka kuelekea kusini. Vitabu vya vita ile husimulia kwamba askari walipoingia hotelini walikuta kinanda cha mashine kimeachwa kikipiga wimbo wa Kijerumani, na juu ya viti na meza kumeachwa kinyesi cha binadamu.

Nimekifikiria kisa hicho mara nyingi. Mtu hasumbuki kuchafua kitu ambacho adui hakithamini. Wajerumani waliijua hamu ya Waingereza kwa sababu ilikuwa yao pia: kufika mjini, kuoga, kutandika kitambaa cheupe na kula kwa uma na kisu kama waungwana. Majeshi mawili yaliyopigana kutoka Kilimanjaro hadi Uluguru yalikubaliana kabisa juu ya meza. Ugomvi ulikuwa juu ya nani ataketi.

Mwezi mmoja kabla ya hapo, tarehe 26 Julai 1916, Wajerumani waliizamisha Goetzen karibu na Kigoma isije ikatekwa. Lakini kwanza walizipaka injini zake grisi nyingi ili zisiharibiwe na maji. Mashine waliihifadhi, meza wakaichafua. Na katika masimulizi ya hoteli niliyoyasoma, hatajwi aliyeleta ndoo na kusafisha. Sina haja ya kubahatisha sana alikuwa wa rangi gani.

Waingereza waliiopoa meli mwaka 1924, na tarehe 16 Mei 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Meza nayo ilitandikwa upya, majini na relini. Treni ya usiku kati ya Nairobi na Mombasa ilisifika kwa behewa lake la chakula, lenye vyombo vya fedha, wahudumu wa koti jeupe na zamu mbili za kula. Baharini kampuni ya British India ilileta meli mbili ndugu, Kenya mwaka 1951 na Uganda mwaka uliofuata, kati ya London na bandari zetu. Wahudumu wa kampuni hiyo kwa desturi walikuwa Wagoa. Huku milimani, mboga za Kizungu zilizoingia tangu wakati wa Wajerumani zilikuwa zimeshika mizizi. Hadi leo Mgeta huteremsha kabichi, karoti na njegere kwenda sokoni Morogoro na Dar es Salaam. Mkulima wa Uluguru amelisha meza nyingi ambazo hakuwahi kuziona.

Ndege ziliua safari zile, na kufungwa kwa Mfereji wa Suez mwaka 1967 kukazimalizia. Kenya iliuzwa chuma chakavu mwaka 1969. Uganda ikawa meli ya kusafirisha wanafunzi, na mwaka 1982 ikawa hospitali katika vita vya Falkland. Desturi ya kuvalia mlo ilihamia kwenye meli za kitalii, na huko nako inapungua nguvu. Mwaka 2000 Norwegian Cruise Line ilianza mtindo wa kila mtu kula saa anayotaka na kuvaa apendavyo. Cunard bado ina jioni zake za mavazi rasmi, na wapo wanaozilipia kwa furaha. Siwacheki. Kujipamba kwa ajili ya chakula cha pamoja ni jambo jema. Hata sisi huvaa vizuri tukienda kwenye karamu.

Ila Liemba ilikwenda njia yake. Madaraja yalibaki, lakini wengi walisafiri chini, kati ya magunia ya dagaa na matenga ya mananasi, wakila walichobeba. Mei 2015, wakimbizi kutoka Burundi walipojazana katika kijiji kidogo cha Kagunga, Liemba ndiyo iliyotumwa kuwachukua hadi Kigoma, mamia kwa kila safari. Jioni zile hakuna aliyeulizwa amevaa nini.

Nami nina jioni yangu moja rasmi. Nilikuwa daraja la tatu, treni ya reli ya kati, giza limeingia na Morogoro tumeiacha nyuma. Mama mmoja alifungua hotipoti ya wali. Kabla ya kugusa chochote alimmiminia maji mikononi mzee aliyekuwa pembeni yake, ambaye hakuwa ndugu yake, kisha akatutazama sote, watu wasiopungua wanane, akasema, “Karibuni.” Tulijibu kwa pamoja, “Ahsante mama, starehe,” kama inavyopasa, kwani wali ule haukutosha hata watu watatu. Mzee alikula. Mtoto wa jirani alipewa tonge. Mama akaanza mwisho.

Hakuna aliyekuwa na tai. Lakini mtu ambaye angekula bila kusema “karibuni” behewa zima lingemjua hana adabu, hata angevaa koti la nahodha.