Agizo la Bwana kwa Nyumba ya Yairo: Historia Fupi ya Wataalamu wa Lishe na Watoto Wagonjwa

Injili ya Luka, katika sura ya 8, inatupa habari za binti wa Yairo, mkuu wa sinagogi, mtoto wa miaka 12. Tumezisikia habari hizi mara nyingi katika mahubiri. Tunaukumbuka umati uliomsonga Bwana njiani, vilio vilivyojaa nyumbani, watu waliomcheka kwa sababu walijua mtoto amekwisha kufa, na mkono wake uliomshika binti yule akainuka. Lakini tukifika hapo huwa tunafunga Biblia, tukasahau agizo lililofuata. Bwana aliwaagiza wazazi wake wampe mtoto chakula.

Agizo hilo lina mafundisho. Yeye aliyemrudishia binti uhai angeweza pia kumshibisha kwa neno. Hakufanya hivyo. Kazi ya kulisha aliiacha mikononi mwa watu wa nyumbani, maana mtoto aliyetoka kufani alikuwa bado na safari ya kurudi kwenye nguvu zake, na safari hiyo ilipita jikoni.

Siku hizi hospitalini safari hiyo huitwa utengamao, yaani kumrejesha mgonjwa katika hali ya kuishi na kukua kama wenzake baada ya hatari ya kifo kupita. Kwa watoto, mmoja wa wanaoibeba kazi hiyo ni mtaalamu wa lishe. Makanisani tunawaombea madaktari na wauguzi, na ni vema, lakini mtaalamu wa lishe hatumtaji sana. Insha hii inaeleza jinsi kazi yake ilivyojengeka katika miaka 100 hivi iliyopita, na inavyohusu nyumba zetu na kanisa letu.

Jina lililotoka kwa akina mama

Mwaka 1929 daktari mmoja mwanamke, Cicely Williams, mzaliwa wa Jamaika, alifika Gold Coast, nchi ambayo leo tunaiita Ghana, kuwahudumia akina mama na watoto. Katika wodi zake aliwaona watoto wa kati ya mwaka 1 na 4 ambao miguu na mikono yao ilikuwa imevimba, ngozi inabadilika rangi na kubambuka, na nywele zimekuwa nyekundu-nyekundu. Wengi walikufa. Wakubwa zake katika taaluma waliuhesabu ugonjwa huo kuwa aina ya ugonjwa mwingine uliokuwa umeshajulikana.

Williams aliwauliza akina mama. Wao walikuwa na jina lake katika lugha ya Kiga: kwashiorkor, ugonjwa unaompata mtoto anayeondolewa kwenye ziwa mdogo wake anapokuja. Akaelewa kwamba mtoto aliyeachishwa ziwa ghafla alikuwa akilishwa uji wa mahindi karibu peke yake, na uji huo ulikuwa na upungufu mkubwa wa vitu vya kujenga mwili. Aliandika juu ya ugonjwa huo mwaka 1933, na mwaka 1935 akaliingiza jina la akina mama wale katika vitabu vya tiba. Sisi kwa Kiswahili tunauita unyafuzi, na kule kukonda kwa mtoto hadi akabaki ngozi na mifupa tunakuita nyongea.

Waganda nao walikuwa na neno lao, obwosi, kwa ugonjwa wa mtoto ambaye mama yake amepata mimba nyingine. Kwetu sisi wengi husema mtoto amebemendwa, wakimaanisha kwamba wazazi wamevunja mwiko wa kukaa mbalimbali wakati wa kunyonyesha, au kwamba mmoja wao ametoka nje ya ndoa. Katika maneno haya yote kuna jambo moja ambalo wazee waliliona sawasawa, nalo ni kwamba uzazi wa karibu-karibu humnyang'anya mtoto ziwa kabla ya wakati wake. Lakini neno letu limebeba pia hukumu. Mama ambaye mtoto wake amevimba miguu huogopa kumpeleka kliniki, maana majirani wataanza kuuliza alifanya nini na nani. Mtoto huendelea kudhoofika ndani ya nyumba kwa sababu ya aibu ya wakubwa. Wanafunzi wa Bwana waliwahi kuuliza juu ya kipofu kama aliyetenda dhambi ni yeye au wazazi wake, na tunalijua jibu walilopewa. Daktari Williams hakumuuliza mama amekosa nini. Alimuuliza mtoto anakula nini, na tangu wakati huo hilo limekuwa swali la kwanza la mtaalamu wa lishe.

Meza isiyokuwa na amani

Katika miaka hiyohiyo, mwaka 1933, mwanamke mwingine aliyeitwa Elsie Widdowson alikuwa akijifunza kazi ya lishe katika jiko la hospitali huko London. Humo alikutana na daktari Robert McCance, na wawili hao wakafanya kazi pamoja miaka mingi. Mwaka 1940 walitoa majedwali yaliyoonyesha kila chakula kina nini ndani yake, na kwa kazi hiyo mtaalamu wa lishe alipata cha kupimia, kama fundi aliyepata futi kamba.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Widdowson alikwenda Ujerumani, ambako chakula kilikuwa cha mgawo na watoto wengi walikuwa wamedhoofika. Mwaka 1948 alifuatilia nyumba mbili za yatima, kila moja ikiwa na watoto wapatao 50. Kwa miezi 6 nyumba zote mbili zilikula mgawo uleule, na watoto walipimwa uzito mara kwa mara. Baadaye nyumba moja iliongezewa mkate, jemu na maji ya machungwa. Kila mtu angetazamia kwamba watoto hao ndio watakaonenepa.

Haikuwa hivyo. Watoto walioongezewa chakula waliongezeka uzito kidogo kuliko wale ambao hawakuongezewa kitu. Widdowson alipochunguza aligundua kwamba wakati uleule chakula kilipoongezwa, mlezi mkuu wa nyumba ile nyingine alikuwa amehamishiwa hapo. Alikuwa mkali, na desturi yake ilikuwa kuchagua saa ya chakula kuwakaripia watoto mbele ya wenzao. Alipomaliza kukaripia chakula kilikuwa kimepoa, na mtoto alikuwa analia. Watoto wachache aliowapenda, aliohama nao, ndio waliostawi vizuri. Na nyumba aliyoiacha ilianza kustawi kwa mgawo wa kawaida baada ya yeye kuondoka.

Widdowson alitoa taarifa hiyo mwaka 1951 katika jarida la madaktari, na humo aliwakumbusha wasomaji wake mithali ya Sulemani inayolinganisha mlo wa mboga penye upendo na ng'ombe aliyenona penye chuki. Mtu wa vipimo na mizani alikuta kwamba mizani yenyewe inathibitisha Mithali 15:17.

Nyumba ya Mulago

Daktari Rex Dean, aliyekuwa pamoja na kikosi cha watafiti hao Ujerumani, alikuja baadaye Kampala kuchunguza utapiamlo wa watoto katika Hospitali ya Mulago. Huko alimkuta Hugh Trowell, daktari aliyeanza kazi Kenya mwaka 1929 kisha akahamia Uganda, ambaye kwa miaka mingi alikuwa ameusoma unyafuzi kwa watoto wa nchi hizi. Mwaka 1954 wao wawili, pamoja na mwenzao Davies, walitoa kitabu kikubwa juu ya ugonjwa huo. Trowell alipostaafu na kurudi Uingereza alipewa daraja la ukasisi katika Kanisa la Anglikana.

Tiba ya maziwa iliyotengenezwa katika miaka hiyo iliokoa watoto wengi. Lakini watumishi wa Mulago waliona jambo la kusikitisha. Mtoto aliyepona na kwenda nyumbani akicheka aliweza kurudi baada ya miezi michache, amevimba tena. Tena kulikuwa na akina mama waliofahamu kwamba dawa ni maziwa ya hospitali, wakajitahidi kununua maziwa ya unga na chupa, wakayachanganya na maji mengi yasiyo safi ili yadumu. Mtoto akapata kuhara juu ya njaa.

Ndipo mwaka 1965 Mulago ikafungua nyumba iliyoitwa Mwanamugimu, jina la Kiganda lililotokana na methali inayosema kwamba mtoto mwenye afya hutokana na ngozi anayobebewa mgongoni, yaani malezi ya mama yake. Mama alikaa hapo pamoja na mtoto wake. Vyakula vilikuwa vya shambani na sokoni: ndizi, maharage, karanga, mboga za majani. Mama alijifunza kuvichanganya katika mlo laini wa mtoto, uitwao kitobero. Alipika mwenyewe, akamlisha mwenyewe, na kwa macho yake akaona uvimbe ukipungua na mtoto akianza kudai chakula. Aliporudi kijijini hakuhitaji kuhubiriwa tena juu ya maharage, na majirani waliomwona mtoto walikuja kumuuliza alifanyaje.

Kwa namna hiyo kazi ya mtaalamu wa lishe ilivuka mlango wa wodi. Kazi yake ilikuwa imekamilika pale mama alipoweza kuiendeleza bila yeye. Mwanamugimu ingali inapokea watoto hata leo.

Huruma yenye kipimo

Mwezi Aprili 1945 majeshi ya Uingereza yaliingia katika kambi ya Bergen-Belsen, Ujerumani, yakakuta maelfu ya watu waliokondeshwa na njaa. Askari waliwahurumia, wakawagawia chakula chao wenyewe, zikiwamo nyama za makopo zenye mafuta. Baadhi ya waliokula walikufa, kwa sababu miili yao haikuweza tena kupokea chakula cha namna hiyo.

Jambo hilo lina maelezo. Mwili uliokaa na njaa muda mrefu hupunguza shughuli zake zote. Moyo hupiga kwa unyonge, ini na figo hufanya kazi kidogo, na madini yaliyomo mwilini huwa yamepungua. Chakula kingi kikiingia kwa ghafla, madini machache yaliyobaki katika damu hukimbilia ndani ya chembe za mwili, na moyo unaweza kusimama. Mtoto hufa mbele ya sahani iliyojaa.

Kwa hiyo mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 1999 uligawa matibabu katika hatua. Kwanza mtoto hupewa maziwa mepesi yaitwayo F-75, ambayo kila mililita 100 zina kilokalori 75. Mtoto wa kilo 6 asiye na uvimbe mkubwa, akilishwa kila baada ya saa 3, hupata kama mililita 100 tu kwa mlo mmoja, yaani nusu kikombe hivi, usiku na mchana. Hata akionekana amepungukiwa damu, hapewi madini ya chuma siku hizo za kwanza, maana yanaweza kuyapa nguvu maambukizi. Hamu ya kula ikirudi, ndipo huhamishiwa maziwa yenye nguvu zaidi, F-100, na sasa anaweza kuongezeka zaidi ya gramu 10 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Mwongozo huohuo unaagiza mtoto achezewe na kuchangamshwa, kwa kuwa uchunguzi uliofanywa Jamaika ulionyesha kwamba michezo husaidia akili yake kukua tena.

Bibi anayeona mjukuu wake akipewa nusu kikombe anaweza kulalamika kwamba hospitali ina uchoyo. Tumwelewe, maana ni upendo unaosema. Lakini mtaalamu wa lishe aliyepima kikombe hicho, na muuguzi anayeamka saa 9 usiku kumlisha mtoto, wanapenda pia, na upendo wao una maarifa.

Tangu mwaka 2007 mashirika ya kimataifa yamekubali kwamba mtoto mwenye utapiamlo mkali, lakini mwenye hamu ya kula na asiye na ugonjwa mwingine wa hatari, atibiwe akiwa nyumbani kwa chakula dawa, mchanganyiko wa karanga, maziwa ya unga, sukari, mafuta, vitamini na madini. Wataalamu wa lishe huwahudumia pia watoto wenye mtindio wa ubongo, ambao kumeza kwao ni shida, wakiwafundisha wazazi jinsi ya kumkalisha mtoto wima na kulainisha chakula chake. Mtoto aliyezaliwa na mdomo uliopasuka husaidiwa kunyonya na kupata uzito wa kutosha kabla ya upasuaji.

Sehemu ya kanisa

Katika historia hii yote, pale mtoto aliposimama kweli, nyumbani kwake palikuwa na mtu aliyepokea kazi kutoka kwa wataalamu. Hapo ndipo kanisa linapoingia.

Umoja wa wanawake wa usharika unaweza kumwalika afisa lishe wa wilaya awafundishe kutumia utepe wa kupima mkono wa mtoto. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5, mzunguko chini ya sentimita 11.5 ni dalili ya hatari, na anapaswa kupelekwa kituo cha afya bila kuchelewa. Wazee wa kanisa wanaweza kumtembelea mama aliyerudi kutoka hospitalini, wakamchukulia maharage, karanga na kuni badala ya maneno mengi. Akina baba wanaweza kuhakikisha kwamba chakula dawa cha mtoto mgonjwa hakigawiwi kwa wengine, na kwamba saa ya kula haiwi saa ya ugomvi. Na sote tunaweza kuacha kusema kwamba mtoto wa fulani amebemendwa.

Yairo na mkewe walipewa agizo jepesi baada ya muujiza mkubwa. Luka haelezi walimpa binti yao nini, wala nani aliwasha moto. Lakini binti alikuwa hai, jiko lilikuwepo, na Bwana alikuwa amesema.