Jina lililomponza MacMunn

Majina mengi ya rangi katika Kiswahili yana asili ya kushikika. Manjano ni kiungo cha mchuzi kabla hayajawa rangi. Zambarau ni tunda. Kijani kimezaliwa na jani. Waliotutangulia waliona kuwa rangi ya kiumbe imo ndani ya kitu, na kwamba kitu hicho chaweza kutwangwa au kukamuliwa.

Hata hivyo, rangi tuionayo ni makombo tu. Manjano hula mwanga wa buluu na urujuani, yakatuachia uliobaki. Jani nalo hula mwekundu na wa buluu, likaturudishia kijani. Siri ni elektroni. Katika molekuli hizi, atomi zimeungana kwa vifungo vya moja na vya viwili vinavyopokezana, kwa hiyo elektroni huzurura katika uwanja mpana. Uwanja unapopanuka, nishati ya kuzipandisha ngazi hupungua, hadi mwanga wa kawaida unatosha. Pitisha basi mwanga mweupe katika damu iliyozimuliwa, kisha katika prizimu. Utaona upinde wa mvua wenye mapengo meusi. Mapengo hayo ndiyo saini ya molekuli.

Mjerumani Felix Hoppe-Seyler aliieleza saini ya damu mwaka 1862, na 1864 akatupa jina hemoglobini. Mwaka uo huo, George Gabriel Stokes wa Cambridge alionyesha kuwa damu yenye oksijeni ina mapengo mawili. Ukiinyang'anya oksijeni hubaki moja, na ukiitikisa hewani mawili hurudi. Kumbe mtu angeweza kutazama upumuaji kwa macho!

Sasa aingie Charles MacMunn, daktari mzaliwa wa Ayalandi aliyetibu wagonjwa mjini Wolverhampton, Uingereza. Hakuwa na maabara ya chuo. Yake ilikuwa darini, juu ya banda la farasi. Huko alichunguza misuli na viungo vya wanyama wa kila namna kwa spektroskopu, na katika miaka ya 1880 akatangaza kuwa ameona mapengo ambayo si ya hemoglobini. Yalikuwamo hata kwa wadudu wasio na damu nyekundu. Alisema dutu hiyo inahusika na upumuaji wa tishu zenyewe.

Akaiita histohematini. Kwa Kigiriki, hapo pana tishu na pana damu. Nadhani jina hilo lilimponza, kwani lilimpa mpinzani fimbo. Hoppe-Seyler na mwanafunzi wake walishikilia kuwa alichoona ni hemoglobini iliyoharibika, basi. Mwaka 1890, Hoppe-Seyler, ambaye ndiye aliyekuwa mhariri wa jarida lililobeba mjadala huo, aliandika kwamba haoni haja ya kuuendeleza. Mhariri ndiye mshindani, na ndiye refa! MacMunn alifariki 1911. Katika kitabu chake kilichotoka 1914 alikubali kuwa jina lile halikuwa na bahati, ila akatumaini kwamba siku moja dutu yenyewe ingeingia vitabuni.

David Keilin, mzaliwa wa Moscow aliyefanya kazi Cambridge, hakuwa akiitafuta. Alikuwa akichunguza nzi ambaye mabuu yake huishi tumboni mwa farasi. Mabuu hayo yana hemoglobini, nzi mzima hana. Lakini misuli ya mbawa za nzi mzima ilimwonyesha mapengo manne. Akayakuta kwa nondo, kisha katika hamira ya kawaida iliyokorogwa kwa maji. Alipoitikisa hamira hewani mapengo yalitoweka, na alipoiacha itulie yakarejea. Hamira haina damu. Ni nani tena angedai kuwa ni hemoglobini iliyooza?

Mwaka 1925 Keilin alichapisha matokeo yake, na katika makala hayo akairejelea kazi ya MacMunn kwa heshima, jambo ambalo si kila msomi hulifanya. Jina, hata hivyo, alilibadilisha: saitokromu, yaani rangi ya seli. Damu ikatoka jinani. Ni jambo la kushangaza kidogo, kwa sababu kemia ilionyesha kuwa kiini cha saitokromu ni pete ya hemu yenye chuma, jamaa wa karibu wa ile iliyo katika hemoglobini. MacMunn hakukosea ukoo.

Dutu yake iliingia vitabuni, ila mwanafunzi wa biolojia huisoma kwa jina alilolitunga Keilin.