Soli ya Kiatu cha Mlimani: Kutoka Misumari Hadi Mpira

Leo tutasoma habari za kitu tunachokikanyagia kila siku lakini mara chache sana tunakitazama, nacho ni soli ya kiatu. Mwalimu, tafadhali andika ubaoni maneno haya matatu: soli, msumari, ushono.

Kwanza nitawasimulia kisa changu mwenyewe. Miaka michache iliyopita nilikwenda kutembelea madarasa ya watu wazima katika milima ya Usambara. Kwa safari ile nilinunua mnadani mabuti ya mtumba, ya ngozi nene, safi, karibu mapya. Muuzaji alinihakikishia kuwa yalikuwa ya mwindaji wa Ulaya, na huenda alisema kweli. Siku ya pili, nikishuka kuelekea bondeni, soli ya mguu wa kulia ilibaki kwenye tope, nami nikateleza hatua kadhaa kwa makalio. Nilipofika kijijini nilimpa fundi viatu. Alikibonyeza kiatu kwa kidole gumba, na kile kilichokuwa soli kikamwagika kama unga.

“Mwalimu,” akasema, “kiatu hiki hakikuchakaa. Kimeoza.”

Kiatu hakijatembea, kimeoza vipi? Ili tujue, hatuna budi kwenda mbali kidogo, mpaka Scotland, kaskazini ya Uingereza. Mtauliza: sisi na Scotland wapi na wapi? Subirini.

Katika milima ya Scotland yuko mnyama mkubwa mwekundu, dume lake lina pembe zenye matawi kama mti. Tutamwita kulungu, ingawa si kulungu wa huku kwetu. Mwaka 1852 mume wa Malkia Victoria, Prince Albert, alinunua shamba la Balmoral huko milimani. Yeye alipenda sana kuwinda kulungu, na matajiri wengi wakafuata desturi hiyo. Lakini waliojua njia hasa walikuwa wenyeji, watu wa kazi, waliowaongoza wageni kwa mshahara.

Uwindaji huu si wa kukimbiza. Mtu humnyemelea mnyama kwa saa nyingi, upepo ukimjia usoni ili harufu yake isimfikie kulungu. Hupita katika udongo mweusi ulioloa maji, katika vichaka vifupi, katika majani yanayoteleza, halafu ghafula juu ya mwamba. Majike huwindwa kuanzia 21 Oktoba hadi 15 Februari, na huo ni wakati wa baridi kali na mvua. Mtu akivunjika mguu huko jioni, hapati msaada upesi. Kwa hiyo buti lilikuwa chombo cha kazi kama bunduki yenyewe.

Zamani buti hilo lilikuwa na soli ya ngozi iliyopigiliwa misumari ya chuma yenye vichwa vikubwa. Wachezaji wetu wa mpira wanaovaa njumu wataelewa mara moja. Misumari iliuma vizuri katika majani na tope. Lakini ilikuwa na ubaya wake. Juu ya mwamba chuma hulia, na kulungu ana masikio. Tena chuma hupitisha baridi mpaka kwenye nyayo, na katika theluji vidole vya mguu huweza kufa kwa baridi hata vikakatwa. Hata hivyo hapakuwa na kitu bora zaidi. George Mallory, Mwingereza aliyepotea katika mlima Everest mwaka 1924, mwili wake ulipatikana mwaka 1999, na mguuni bado palikuwa na buti la misumari.

Sasa tuvuke twende Italia. Palikuwa na mpanda milima wa mji wa Milano, jina lake Vitale Bramani. Mwaka 1935 alipanda milima ya Alps pamoja na wenzake. Ili kupanda mwamba waliacha mabuti yao mazito ya misumari chini, wakavaa viatu vyepesi vyenye soli laini, kama ilivyokuwa desturi. Dhoruba ya theluji ikawakuta juu. Viatu vile havikuwa vya theluji, na watu sita walikufa kwa baridi na uchovu. Bramani alirudi hai.

Tangu hapo alitafuta soli moja itakayofaa mwamba na theluji pamoja. Alisaidiwa na kampuni ya matairi ya Pirelli, na mwaka 1937 soli yake ilikuwa tayari: mpira mgumu wenye meno makubwa. Aliiita Vibram, kutoka herufi za majina yake mawili. Mpira wa namna hiyo uliwezekana kwa sababu Charles Goodyear wa Marekani aligundua mwaka 1839 kwamba mpira ukichomwa pamoja na salfa hauyeyuki kwa joto wala kupasuka kwa baridi. Tarehe 31 Julai 1954, Waitalia Achille Compagnoni na Lino Lacedelli walifika kilele cha K2, mlima wa pili kwa urefu duniani, na chini ya mabuti yao palikuwa na soli za Bramani.

Hapa naomba mtazame miguuni mwenu. Je, yupo darasani aliyevaa katambuga? Soli yake ni tairi. Mafundi wetu nao waliona kwamba kinachoshika barabara kitashika na njia ya miguu.

Hata hivyo wanyemeleaji wengi wa Scotland hawakuiacha misumari upesi, nami sioni kwamba walikuwa wajinga. Mpira ni mzuri juu ya mwamba, lakini juu ya majani yaliyoloa, hasa meno yakiisha, huteleza kama sabuni. Basi anayetafuta buti jipya badala ya lile lililokwisha, kwanza atazame meno: yawe marefu, yenye nafasi kati yake ili tope lidondoke, na kisigino kiwe na ukingo mkali wa kuzuia mtu akiteremka.

Sasa turudi kwenye kiatu changu. Viwanda vingi vya siku hizi huweka, kati ya mpira na ngozi, tabaka la plastiki jepesi lenye vipovu vya hewa. Linapendeza mguuni. Lakini unyevu wa hewa hulila polepole, hata kiatu kikiwa ndani ya sanduku. Baada ya miaka kadhaa humeguka. Ndiyo maana kiatu cha mtumba kinachong’aa huweza kukuangusha siku ya kwanza. Kabla ya kutoa fedha, libonyeze tabaka hilo kwa ukucha, ukunje soli kwa nguvu. Ukiona nyufa au unga, mrudishie mwenyewe.

Kisha tafuta ushono. Buti la zamani la wawindaji lilikuwa na ukanda wa ngozi unaozunguka ukingo, na soli ikashonewa hapo. Soli ikiisha, fundi hukata uzi na kushona nyingine. Gundi peke yake si mbaya kila mara, ila inataka fundi mwenye vifaa. Ngozi nayo iwe nene na yenye mishono michache, kwa kuwa maji huingilia penye matundu ya sindano. Ipake nta, wala usiikaushe karibu na moto, itapasuka. Fundi wa Usambara alinishonea soli za tairi, na ngozi ile ningali nayo.

Wiki ijayo kila mmoja aje na kiatu kimoja kikuukuu. Mwalimu alete kisu, na ikiwezekana amwalike fundi viatu wa jirani. Kifungueni, mhesabu matabaka, kisha andikeni majina yake. Kwaherini.