Mgonjwa wa Kompyuta
Mgonjwa wa kompyuta ni kisa cha maradhi kilichotungwa katika programu, ambacho kwacho mwanafunzi wa udaktari au uuguzi hudadisi dalili, huagiza vipimo, hutambua ugonjwa na kuchagua tiba, pasina kumhatarisha mwanadamu yeyote. Alitanguliwa na mgonjwa wa kuigiza, aliyebuniwa mwaka 1963 mjini Los Angeles na tabibu Howard Barrows, aliyemfunza mtu mwenye siha kuonyesha alama za maradhi ya neva. Mwaka 1971 mtafiti Harless na wenzake, huko Marekani, walitangaza programu ya CASE, ambayo mwanafunzi aliihoji kwa maandishi ikamjibu kama mgonjwa.

Visa vingine hufuata njia moja. Vingine huchipuza matawi, kila uamuzi ukizaa natija yake, hata mwanafunzi akaona bayana madhara ya kukawia au kughafilika. Mwaka 2010 kilipitishwa kiwango rasmi cha visa hivi, kilichoandaliwa na shirika la MedBiquitous, ili vyuo viweze kubadilishana visa.

Faida kubwa ya mgonjwa wa kompyuta ni kuinoa akili katika kupambanua maradhi. Lakini kupapasa tumbo, kusikiliza moyo na kumliwaza mgonjwa hufundishwa zaidi wodini, wala programu pekee haiwezi kuwa badali yake.