Maji, Mafuta, Gesi, Kisha Maji Tena

Wajerumani ndio waliowasha taa za kwanza za umeme Dar es Salaam, mwaka 1908, kwa ajili ya karakana za reli na mitaa waliyoishi wao wenyewe. Waingereza walipoichukua nchi waliunda idara ya umeme mwaka 1920, na mwaka 1931 wakaiachia kazi hiyo mikono ya kampuni mbili binafsi: DARESCO kwa Dar es Salaam na miji kadhaa, TANESCO kwa mto Pangani. Kituo cha Pangani kilianza kuzalisha mwaka 1936, na wateja wake wakubwa walikuwa wenye mashamba ya mkonge ya Tanga. Mkata mkonge mwenyewe alirudi jioni kwenye kibatari.

Baada ya uhuru serikali ilinunua hisa za kampuni hizo hatua kwa hatua, likabaki shirika moja, TANESCO ya leo. Kituo cha Hale kilikwishaanza mwaka 1964 kwa megawati 21, na cha Nyumba ya Mungu kikafuata mwishoni mwa muongo huo kwa megawati 8. Hatua kubwa ilikuja Kidatu, kwenye mto Ruaha Mkuu, kwa msaada wa Sweden na Benki ya Dunia. Mashine za awali zilianza mwaka 1975, na awamu ya pili ilipokamilika kituo kikafikia megawati 204. Juu yake likajengwa bwawa la Mtera ili maji ya masika yahifadhiwe hadi kiangazi, nalo likafungiwa mashine zake za megawati 80 mwaka 1988. Kwa hiyo vituo viwili vikubwa vya nchi vilikunywa maji ya mto mmoja, na mto huo unapita bonde la Usangu, ambako wakulima wa mpunga na wafugaji nao wanauhitaji. Tangu miaka ya 1990 Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka kabisa kila kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Si mvua peke yake ya kulaumiwa.

Kituo cha Kihansi kilifunguliwa mwaka 2000, megawati 180, na kuacha kisa ambacho wanasayansi wanakisimulia mpaka leo. Chura mdogo aliyegunduliwa mwaka 1996 aliishi kwenye manyunyu ya maporomoko ya Kihansi tu, pasipo pengine popote duniani. Maji yalipochepushwa kwenda kwenye mashine, manyunyu yalikoma, na mwaka 2009 akatangazwa kuwa ametoweka porini. Waliosalia walikuwa Marekani, wakizalishwa katika bustani za wanyama.

Miaka ya 1990 neno mgao, yaani umeme wa zamu, liliingia kila nyumba. Njia ya haraka ya kutokea ilikuwa mafuta, na hapa ndipo taifa lilipolipa ada kubwa ya funzo. Mkataba wa kampuni ya IPTL wa mwaka 1995 uliifunga TANESCO kulipia uwezo wa mtambo wa megawati 100 pale Tegeta hata siku ambayo mtambo haukuzalisha chochote. Ubishi wa gharama uliufikisha mkataba huo mbele ya wasuluhishi wa kimataifa, na mtambo ukaanza kazi mwaka 2002. Kisha ukaja ukame wa 2006. Kampuni ya Richmond ikapewa zabuni ya dharura, ikashindwa kuleta mitambo kwa wakati, na baada ya ripoti ya kamati ya Bunge, Waziri Mkuu Edward Lowassa alijiuzulu Februari 2008. Ukiitazama mikataba hiyo miwili utaona kwamba yote ilisainiwa nchi ikiwa na kiu ya umeme, na mwenye kiu hana nafasi ya kupatana bei.

Cha ajabu, gesi ilikuwepo muda wote. Ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974, ya Mnazi Bay, Mtwara, mwaka 1982. Hiyo ya kwanza ilikaa ardhini miaka 30 hadi kampuni ya Songas ilipoanza kuichoma Ubungo mwaka 2004. Mwaka 2013 watu wa Mtwara waliingia barabarani kupinga gesi yao kusafirishwa kwenda Dar es Salaam, damu ikamwagika, lakini bomba la kilomita 542 likakamilika mwaka 2015. Mwaka huohuo, mwezi Oktoba, maji yalipungua kiasi cha mitambo ya mabwawa kuzimwa. Gesi ikachukua zaidi ya nusu ya uzalishaji wa gridi.

Halafu tukarudi mtoni. Korongo la Rufiji lililobeba jina la Stiegler, Mzungu aliyeuawa na tembo huko mwaka 1907, lilichorewa ramani za bwawa tangu zamani. Serikali ya John Magufuli ilisaini mkataba na kampuni za Misri Desemba 2018: mashine tisa, jumla megawati 2,115. Ya kwanza iliwashwa Februari 2024. Mwezi uliofuata TANESCO ilizima vituo vitano vya maji kwa sababu umeme ulizidi matumizi. Mwaka ule mahitaji ya juu kabisa ya nchi hayakufika megawati 2,000. Na bado mwaka 2025 serikali ikaeleza nia ya kununua umeme wa Ethiopia kwa ajili ya kanda ya kaskazini, maana sehemu ya umeme wa Rufiji hupotea njiani kabla ya kufika Arusha. Watu walicheka, lakini hesabu ya nyaya ndivyo ilivyo.

Hayo yote ni habari za umeme, na umeme ni sehemu ndogo ya nishati ya Tanzania. Zaidi ya asilimia 80 ya nishati inayotumika nchini bado ni kuni na mkaa. Mkakati uliozinduliwa mwaka 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wapike kwa nishati safi ifikapo 2034, na mitungi mingi imegawiwa, ikiwa na gesi inayoletwa kwa meli, si ya Songo Songo. Mtungi ukiisha unajazwa kwa fedha ya mara moja. Mkaa unapimwa kwa kopo. Umeme wa LUKU, unaolipiwa kabla ya kutumika, nao unanunulika kidogokidogo, na ningedhani ndio ungeshinda. Ila kwenye nyumba za kupanga wapangaji wengi hutumia mita moja, na mwenye nyumba akiona jiko la umeme chumbani anauliza nani atalipa.