Mechi 23 kati ya 30: msimu wa 2019–20 na upande wa jedwali usiotazamwa

Kila APR FC inapoongeza taji, na miaka hii inaongeza mwaka hadi mwaka, ubishi uleule unafufuka Nyamirambo, kwenye vijiwe vya chai ya mukaru pale Biryogo, na kwenye vipindi vya michezo vya redio za Kigali: ondoeni la 2020. Lile, wanasema mashabiki wa Rayon Sports, ni la mezani. Ligi ilikatwa mechi 7 kabla ya mwisho, kamati ikakaa, ikaandika jina, ikasaini. APR ilipofikisha mataji 23 mwaka 2025, hesabu hiyo ya ukaidi ilirudi tena: ni 22, wala hayazidi.

Nimeufuata ubishi huu tangu ulipoanza, na unaniuma kwa sababu pande zote mbili zinatazama kilele cha jedwali peke yake. Dhuluma ya msimu ule ilitendeka mkiani, kwenye nafasi mbili za mwisho, na mkiani hakuna mashabiki wa kutosha kuzijaza simu za redio.

Historia ya ligi yenyewe inajulikana, kwa hiyo naipita haraka. FERWAFA, shirikisho la soka la Rwanda, iliundwa 1972 na kuingia FIFA 1978. Kiyovu Sports, Mukura ya Butare na Rayon Sports ya Nyanza ni klabu za miaka ya 1960. Rayon ilitwaa ubingwa 1975 na 1981. Katikati ya miaka ya 1980 ikawa zamu ya Panthères Noires, timu ya jeshi la wakati ule, kisha Mukungwa ya Ruhengeri. Kiyovu ikachukua 1992 na 1993.

Mwaka 1994 haukuwa na bingwa. Siulinganishi na 2020, na sipendi kusikia mtu akiulinganisha. Majuma machache kabla ya Aprili, Rayon Sports iliifunga Al-Hilal ya Sudan 4–1 hapa Kigali katika Kombe la Washindi la Afrika, na waliokuwepo wanasimulia jinsi mji ulivyoshangilia pamoja, hakuna aliyemuuliza mwenzake kabila. Kisha yakaja mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Eric Eugène Murangwa, kipa wa Rayon, amesimulia hadharani mara nyingi jinsi askari waliopekua nyumba alimokuwa walivyogeuka walipotambua kuwa ni mchezaji wa Rayon, na jinsi wachezaji wenzake walivyomficha hadi akaokoka. Uwanja wa Amahoro ukawa kimbilio la maelfu chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa. Wachezaji wengi na mashabiki wengi hawakuiona 1995. Katika orodha ya mabingwa mstari wa 1994 ni mtupu, na haki ni ubaki hivyo. Mwaka uliofuata APR, klabu ya jeshi iliyozaliwa 1993 katikati ya vita, ikatwaa taji lake la kwanza.

Miaka 20 na ushei iliyofuata naiacha kwa waandishi wengine, pamoja na furaha zake: Rayon kubeba kombe la klabu bingwa Afrika Mashariki na Kati kule Zanzibar 1998, ATRACO kufanya vivyo hivyo Khartoum 2009.

Ili kuelewa kwa nini 2020 iliwauma mno watu wa Rayon, lazima tuanzie msimu mmoja nyuma. Mwaka 2018 Gikundiro, kama Rayon wanavyoitwa na mashabiki wao, walikuwa klabu ya kwanza ya Rwanda kufika robo fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, wakitoka kundi moja na Yanga na Gor Mahia. Mwaka 2019, chini ya Mbrazili Robertinho, yuleyule ambaye mashabiki wa Simba walikuja kumjua baadaye, wakatwaa ubingwa wa nchi. Halafu likaja dirisha la usajili. APR, iliyokuwa ikishikilia sera yake ya kutumia Wanyarwanda watupu, iliacha kundi kubwa la wachezaji wake na kwenda kubisha hodi kwa mtani. Manzi Thierry, Mutsinzi Ange, Manishimwe Djabel na Niyonzima Olivier, maarufu kama Sefu, wote wakavuka kutoka kwa mabingwa kwenda kwa timu ya jeshi. Manzi akapewa na utepe wa unahodha. Kocha akaja Mmorocco, Mohammed Adil Erradi. Mtu aliyekuwa Rayon majira yale ya kiangazi aliona uti wa mgongo wa timu yake ukihamishwa mchana kweupe, tena kwa njia halali kabisa.

Kwa hiyo Desemba 21, 2019, APR ilipoifunga Rayon 2–0, jeraha lilikuwa bado bichi. Na ligi yenyewe haikuwa na mfadhili wa jina: Azam TV ya Dar es Salaam, iliyoibeba kwa misimu kadhaa, ilikuwa imejitoa mwaka huohuo wa 2019. Klabu ndogo zilicheza kwa mifuko mitupu.

Machi 14, 2020, Rwanda ikatangaza mgonjwa wa kwanza wa corona. Michezo ikasimama papo hapo, na wiki moja baadaye, Machi 21, nchi nzima ikafungwa, miongoni mwa za kwanza kabisa kusini mwa Sahara. Msimamo ulibaki pale ulipokutwa. APR: mechi 23, ushindi 17, sare 6, hakuna iliyopotea, pointi 57. Rayon Sports ya pili kwa pointi 51. Katikati ya Aprili rais wa FERWAFA, Jean Damascène Sekamana, akajiuzulu, hivyo uamuzi mgumu kuliko wote uliowahi kuikabili ligi ukaangukia shirikisho lisilo na rais aliyechaguliwa. CAF, shirikisho la soka la Afrika, ilikuwa inataka majibu: ligi zenu mtazimalizaje? Mei 22 jibu la Kigali likatoka. Msimu umekwisha. APR bingwa. Gicumbi FC na Heroes FC wanashuka daraja.

Hapa ndipo inafaa kuwatazama majirani, jambo ambalo wabishi wetu hawalifanyi. Nairobi ilitangulia: Aprili 30 shirikisho la Kenya liliitangaza Gor Mahia, iliyokuwa ikiongoza kwa pointi 54 dhidi ya 47 za Kakamega Homeboyz, huku kampuni iliyoendesha ligi ikipinga vikali. Kampala ikafuata Mei 20: Vipers bingwa mbele ya KCCA kwa pointi 4, zikiwa zimebaki mechi 5, kwa sababu kanuni za Uganda zilishasema kwamba robo tatu ya mechi ikichezwa, kinara anachukua. Kongo ikaipa TP Mazembe. Ethiopia ikafuta kila kitu, hakuna bingwa, hakuna wa kushuka. Burundi ikarudi uwanjani na kumaliza, Le Messager Ngozi ikaibuka bingwa. Tanzania nayo ikarudi Juni, na tarehe 28 ya mwezi huo Simba ikatwaa taji kwa sare tasa dhidi ya Prisons pale Sokoine, Mbeya. Mfungaji bora wa ligi hiyo, kwa mabao 22, alikuwa Meddie Kagere. Ndiyo kusema Mnyarwanda aliyemaliza msimu wake kwa fahari kubwa mwaka ule aliumalizia Tanzania.

Hoja ya kwamba jeshi ndilo lililojipa ubingwa Mei 22 siipi nafasi ndefu. Gor Mahia haina jeshi, Vipers haina jeshi, na zilipewa kwa kipimo kilekile. Rwanda ilikuwa imecheza mechi 23 kati ya 30, zaidi ya robo tatu, yaani ingepita hata kwa kanuni ya Waganda. Hoja ya Rayon ni nzito kidogo: pointi 6 zinafikiwa, pointi 21 zilikuwa bado hazijachezewa. Ni kweli zinafikiwa. Lakini ungelazimika kuamini kwamba timu ambayo haijapoteza mechi tangu msimu uanze ingeangusha ghafla angalau pointi 6 katika mechi 7, na kwamba ile iliyokuwa nyuma yake isingeteleza kiasi hicho. Ukiangalia APR ilivyocheza msimu uliofuata, ambao nao iliumaliza bila kufungwa, unaona ubingwa ulikuwa umekwenda mahali pake.

Malalamiko ya Rayon ambayo ningeyasikiliza kwa utulivu ni mengine, na siku hizi hayatajwi kabisa. Kombe la Amani la 2020 nalo lilikufa, na nafasi ya Rwanda katika Kombe la Shirikisho Afrika ikapewa AS Kigali kama washindi wa kombe hilo mwaka 2019. Washindi wa pili wa ligi wakabaki mikono mitupu. Kama msimamo wa mechi 23 ulitosha kumpa mmoja ubingwa, na kuwashusha wengine wawili, kwa nini haukutosha kumpa wa pili tiketi ya Afrika?

Swali hilo linatufikisha mkiani. Heroes FC walikuwa wamepanda 2019 pamoja na Gasogi United. Ule ulikuwa msimu wao wa kwanza katika ligi kuu. Gicumbi ni timu ya kaskazini, ya mji wa Byumba. Zote mbili zililalamika, na malalamiko hayakubadilisha kitu. Msomaji makini ataniuliza: unakubali mechi 23 zimtawaze bingwa, mbona unakataa zimshushe wa mwisho? Nakataa kwa sababu mambo mawili haya hayana uzito mmoja. Jina la bingwa lilihitajika: CAF ilitaka mwakilishi, na kumpa kinara hakumwondolei mtu yeyote alichokuwa nacho tayari. Jina la anayeshuka halikuhitajika na yeyote. Hakuna barua ya CAF iliyolidai. Kushusha ni adhabu, na adhabu inadai ushahidi kamili kuliko zawadi. Timu inayoshuka daraja inapoteza mapato ya milangoni ya siku APR au Rayon wanapokuja, wachezaji wake wazuri wanaondoka, na wilaya inayoilisha inaanza kuuliza kama fedha zile zingejenga kitu kingine.

Tena njia zilikuwepo, na zilikuwa zinaonekana. Uholanzi ilikataa kutangaza bingwa, Ajax na AZ zikiwa sawa kwa pointi 56, na haikumshusha mtu. Ufaransa ilifanya kama Kigali, ikaipa PSG na kuzishusha Amiens na Toulouse. Lakini kule klabu hizo zilikwenda hadi baraza kuu la mahakama ya utawala, ambalo mwezi Juni lilisimamisha kushuka kwao na kuiagiza ligi ifikirie upya. Mwishowe klabu zenyewe zilipiga kura na Amiens na Toulouse zikashuka, lakini zilishuka zikiwa zimesikilizwa mbele ya majaji na sababu zikatolewa kwa maandishi. Gicumbi na Heroes hawakuwa na mawakili wa aina hiyo. Kigali ingeweza kucheza msimu uliofuata na timu 18, Gicumbi na Heroes zikibaki na Rutsiro FC na Gorilla FC zikipanda. Badala yake zilizopanda zilichukua viti vya zilizoondolewa.

Na msimu huo uliofuata ndio ushahidi mkubwa kuliko wote. Ulianza Desemba 4, 2020, ukasimamishwa kabla ya wiki mbili kwisha, corona ikiwa imepanda tena. Uliporudi Mei 1, 2021, FERWAFA ilikuwa imetafuta njia: timu 16 katika makundi manne, kisha 8 zigombee ubingwa na 8 zigombee kubaki. Msimu mfupi, lakini uliochezwa. APR na AS Kigali zilimaliza zikiwa sawa kwa pointi na tofauti ya mabao ikaamua. AS Muhanga na Sunrise zikashuka, na zilijua ni mechi ipi iliyozishusha. Kilichowezekana 2021, maradhi yakiwa bado yapo, hakikujaribiwa hata kwa sehemu 2020 kwa ajili ya zile mbili.

Wanaodharau ubingwa wa mezani wanasahau pia kilichotokea mabingwa wawili wa aina hiyo walipokutana. Novemba 28, 2020, APR iliikaribisha Gor Mahia katika raundi ya awali ya Ligi ya Mabingwa Afrika na kushinda 2–1. Wiki moja baadaye, Nairobi, APR ilikuwa bado inapita dakika 90 zikielekea kwisha. Gor ikafunga dakika za lala salama, ikashinda 3–1 na kusonga mbele kwa jumla ya 4–3. Hiyo haikuwa mechi ya timu zilizookotwa njiani. Zilikuwa mbili zilizostahili, zikatenganishwa na bao moja.

Gicumbi walirudi ligi kuu 2021, wakashuka tena 2022, na wakapanda upya 2025, safari hii pamoja na AS Muhanga. Heroes hawatajwi tena Kigali wanapozungumza habari za ligi kuu. Ninachokiomba kwa wanaotunza kumbukumbu za FERWAFA, na kwa Bodi ya Ligi iliyoundwa baadaye, ni kidogo: mstari wa 2019–20 usisomeke kama mistari mingine. Uandikwe APR, mechi 23 kati ya 30, bila kupoteza. Na chini yake, kwa herufi za ukubwa uleule, Gicumbi FC na Heroes FC, zilizoshushwa kwa uamuzi wa kamati zikiwa na mechi 7 mkononi.