Neno la Leo: Bahari

Msafiri atokaye Konde, kisiwani Pemba, akaupita msitu wa Ngezi na kuwasili Makangale, hukutana na ufuko uitwao Vumawimbi, jina ambalo peke yake ni shairi la maneno mawili, kwa kuwa ndani yake sauti na taswira zimefungamana hata hazitenganiki.

Hapo ndipo lifaapo kutafakariwa neno bahari, litokanalo na Kiarabu bahr, ambalo maana yake ni maji makuu na, kwa wanavyuoni wa arudhi, wizani wa shairi. Nasi Waswahili tukalipokea kwa maana zote mbili, ila bahari zetu za ushairi, kama vile utenzi, huwa ni aina za tungo zitambulikanazo kwa umbo.

Sheikh Amri Abedi alizidhibiti sheria za vina na mizani kitabuni mwaka 1954, na miaka 20 baadaye mshairi Euphrase Kezilahabi, katika diwani yake Kichomi, akaziacha, mjadala ukapamba moto.

Uchina nayo ilikwisha kuipita njia hiyo: mwanazuoni Hu Shi alipohimiza mwaka 1917 fasihi ya lugha ya watu, washairi waliyavunja maumbo ya kale, hata mwaka 1926 mshairi Wen Yiduo akanena kwamba shairi jipya lahitaji uzuri wa namna tatu, wa muziki, wa uchoraji na wa ujenzi.

Kwa hiyo naitakidi kwamba mwenye kuacha vina hajaihama bahari, maadamu ubeti wake wavuma na wimbi lake laonekana.